Tafadhali Tukatieni Umeme Jioni

Kwa Mhandisi Mkuu,
Kituo cha Kupoza Umeme, mtaani kwetu,
Basra.

Ndugu Mhandisi,

Amani iwe juu yako. Mimi ni Najiba, mama yake Haitham, wa mlango wa buluu nyuma ya ukuta wenu. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa hasira pia. Tangu mfungue kituo kipya, umeme haujakatika hata mara moja, na joto lote hili! Huo ni uungwana kweli? Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani umeme ukikatika, mtaa mzima tulipanda darini na magodoro yetu kulala kwenye upepo. Mimi na jirani yangu Sajida tulitenganishwa na kiukuta kifupi tu, tukapiga soga mpaka usingizi utuchukue. Sasa Sajida kanunua kiyoyozi, kafunga madirisha, hapandi tena. Tukikutana kwa mwoka mikate ananijibu salamu nusu nusu. Udugu wetu umekufa, na muuaji ni wewe.

2. Friji zikizimika, kila mwenye nyama aliipika upesi akagawia majirani kabla haijaharibika. Siku hizi watu wamegandisha kondoo mzima, na roho zao wamezigandisha humo humo.

3. Baba Karrar, aliyetuuzia umeme wa jenereta, tulimlaani sote kwa sauti moja. Hata walionuniana walipatana wakimsema yeye. Leo amekuwa mtu mwema, anasalimia watu! Tumebaki kusemana wenyewe kwa wenyewe.

4. Mume wangu. Umeme ukikatika alikuwa mtu wa maana: tochi mdomoni, nyaya mkononi, "Asiguse mtu, niachieni mimi!" Sasa hana kazi, ananifundisha kupika wali. Mimi! Hili peke yake lingetosha kukufikisha mahakamani.

Kwa hiyo naomba utukatie umeme kila jioni baada ya magharibi. Kama sheria hairuhusu, mwacheni panya aingie mitamboni. Panya hana cheo cha kupoteza. Mkikosa panya, kwangu wapo.

Najua utaniambia habari za hospitali na wagonjwa. Hao waachie umeme wao. Kata mtaa wetu tu. Ikishindikana, kata nyumba ya Sajida peke yake.

Sikufichi, Mhandisi, nimemkumbuka mno. Nalala kwenye baridi ya kiyoyozi chetu kama samaki wa dukani, na sina wa kumwambia neno.

Nisalimie mafundi wote, mkeo, na mlinzi wenu anayesinzia getini.

Ni mimi jirani yako, mwenye umeme mwingi na watu wachache,
Najiba

N.B. Nimempelekea Sajida barua hii aitie sahihi, maana mlalamikaji mmoja hasikilizwi. Kumbe mwenzangu alikuwa amenuna! "Nimenunua kiyoyozi, mtaa mzima umekuja kunipa hongera, wewe wa ukuta mmoja hujatia mguu! Nikasema, basi, Najiba ana kijicho." Jamani! Na mimi kila jioni nilikuwa namngojea darini kabla ya kushuka kulala! Tumelia, tumecheka, tumekula tikiti mbele ya hicho kiyoyozi, na wallahi kina baridi ya peponi. Hiyo sahihi yake hapo chini ni ya kukuomba usiguse swichi yoyote. Kesho jioni anakuja kwangu, nami nimemwahidi baridi kuishinda ya kwake. Ole wako umeme ukatike.