Koleo la Sukari Lisilo na Chapa

Kasongo, Jumatatu, tarehe 1 Juni 1953

Siku kubwa! Assumani, mchuuzi wa Kabambare, amenipa kifaa cha shaba ya manjano. Mimi nimempa jogoo wetu. Kina mikono miwili kama koleo. Mdomo ukifungwa, ndani panabaki tundu la duara, kama gololi. Nimetafuta chapa kila upande. Hakuna herufi, hakuna namba. Dalili ya ukoo bora: vitu vya kinyonge ndivyo huandikwa majina. Hiki ni cha mezani pa Wazungu, bila shaka.

Kimekuja kwa wakati wake. Jumamosi kamati inakagua nyumba yangu kwa ajili ya karte ya watu waliostaarabika. Mwenye karte hapigwi kiboko. Octave, jirani yangu na karani mwenzangu, anayo tangu Pasaka; siku hizi anachelewa kazini huku akipiga mluzi.

Mke wangu Emilienne ameuliza: "Baba Sidonie, jogoo iko wapi?" Nimemjibu kwamba jogoo ni ushamba.

Jumanne, 2 Juni

Majaribio. Karanga: zimesagika. Chikichi: limeruka, likampata Emilienne kwenye paji la uso. Kipande cha sukari: kimeshikwa vizuri, ingawa kimetoka unga. Basi! Koleo la sukari. Octave amechungulia juu ya ua, akasema kwao kifaa hicho hung'olea mbuzi meno. Wivu mtupu.

Jumatano, 3 Juni

Ili kupata hakika, nimekwenda kwa Mzee Hemedi, muuza vitambaa. Babu yake alitembea na misafara ya zamani ya pembe na watumwa. Nyumba imejaa urithi. Nimemwonyesha kifaa, nikauliza ni nini. Akakitupia jicho mara moja tu.

"Kalibu," akasema.

Nikashukuru, nikaketi. Nikauliza tena.

"Kalibu!"

Nikasogeza kiti.

"Nakuambia kalibu, we mutu! Kalibu!"

Nikasogea hadi magoti yetu yakagusana. Hapo akaita wanawe wanitoe. Mkarimu kupita kiasi, maskini, lakini r imemshinda, na kuhusu kifaa hajui kitu. Mlangoni nimemsahihisha kwa adabu: ka-ri-bu, mzee, ka-ri-bu. Amenirushia ndara.

Jumamosi, 6 Juni

Kamati imefika: Wazungu wawili na karani wao, Pierre. Uma zote mezani. Nikachukua sukari kwa koleo langu, nikamtilia Mzungu mkubwa kikombeni. Akaacha kunywa. Akakichukua kifaa, akakifungua, akakifunga, akasema neno la Kifaransa ambalo shuleni hatukufundishwa.

Pierre akatafsiri: "Kalibu ya risasi." Tena akaeleza, kana kwamba mimi ni mtoto: risasi iliyoyeyuka humiminwa humo, ikipoa inapigwa kwa bunduki. Kisha akatafsiri swali. Bunduki yenyewe iko wapi?

Nikasema sina. Wakauliza tena, polepole zaidi. Emilienne akanitetea: "Bwana, huyu hata panya inamushinda." Hakuna aliyecheka, isipokuwa Octave nyuma ya ua.

Kosa lote ni la Hemedi! Neno moja tu, na ameshindwa kulieleza.

Jumatatu, 8 Juni

Jana kutwa askari walichimba uwanja wangu wakitafuta bunduki. Hawakuiona. Karte nimenyimwa. Leo asubuhi nimeitwa bomani kwa kosa la kuficha silaha nisiyokuwa nayo. Kukaa siwezi; naandika nimesimama.

Lakini bahati haimtupi mtu aliyesoma! Shimoni, chini ya mgomba, askari wameacha kitu cha thamani wasichokitambua: pete mbili kubwa za chuma zenye kutu ya miaka mingi, zimeunganishwa kwa mnyororo mfupi mzito. Chapa hakuna. Safari hii sikuhitaji kumuuliza mtu. Ni pete za kushikia serviete, vitambaa vya kufutia mdomo mezani: moja ya bwana, moja ya bibi. Mnyororo ni alama ya ndoa. Emilienne amezitazama, akaenda kulala kwa dada yake.

Nimezisugua kwa majivu na kuzijaribu mikononi. Zimenikaa kana kwamba fundi alinipima. Barua ya kuialika kamati irudi nimekwisha kuituma.