Shangazi Tisa Katika Mkia wa Kindi

Jumatatu, 3 Machi

Tumenunuliwa. Gus Ferrante, aliyeanzisha studio hii ya katuni katika gereji yake hapa Oakland, alituita wote ukumbini saa nne asubuhi. Alikuwa na shati lake la maua, lakini limepigwa pasi. Miaka kumi na tisa sijawahi kuliona shati la Gus limepigwa pasi. 

Alisema filamu zetu zimependwa mno hadi Brockway wametununua. Brockway wenyewe, wenye bustani za bembea, vituo vya televisheni na meli za watalii. Akasema hakuna kitakachobadilika. Alilisema mara nne. Nilihesabu.

Kisha akamtambulisha Bi Paulette Dunning kutoka makao makuu yao, Burbank. Mama mfupi, miwani minene, daftari la kijani. Atakaa nasi hadi Ijumaa ili atufahamu. Alinichekea. Nikamchekea. Akaandika kitu.

Aliyenimaliza ni Curtis Nakagawa, jirani yangu wa meza. Mwaka juzi, alisema, Brockway walinunua studio ndogo kule Portland, na siku ya tano watu walitoka wamekumbatia makasha yenye mimea yao ya mezani. Huyu mama ndiye anayepeleka orodha ya wanaobaki. "Halafu Burbank wana watu wao wa mikia, mzee. Chumba kizima."

Mimi ndiye mtu wa mikia. Katika filamu yetu ya kindi anayehama mti wake, wengine huchezesha uso na mikono, mimi nachezesha mkia. Nina miaka arobaini na saba na sijui kazi nyingine yoyote. Mchana wote nimeitazama dungusi yangu, kijimmea cha miiba nilichopewa na mke wangu. Kinaingia kwenye kasha dogo tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa! Kindi wetu ni kikaragosi ndani ya kompyuta, na mkia wake una vidhibiti tisa. Kila kimoja kina jina lake, ncha, shina, mpindo, na mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuuchezesha. Hapo ndipo penye hatari.

Baba yangu ana dada tisa. Wenzangu walipokwenda kula burito, nilifuta majina yote nikaweka ya shangazi zangu. Ncha ni Shangazi Bernice. Shina ni Shangazi Wanda. Ukimvuta Shangazi Dolores kabla hujamlegeza Shangazi Eunice, mkia unamwingia kindi sikioni, na hilo mtu wa Burbank hawezi kulijua. Karatasi ya maelezo nimeitia mkobani, chini ya chakula. Wakinifukuza, mkia nao umekwenda.

Limebaki tatizo moja, kikao cha kesho. Kila asubuhi tunakaa kwenye makochi mabovu, bakuli la konfleksi mkononi, na kila mtu anaonyesha kazi yake ikiwa nusu ili wenzake waichambue bila huruma. Ni desturi yetu tangu enzi za gereji. Lakini kesho Bi Dunning atakuwepo, na picha yangu, kindi akiuaga mti wake kwa kuupungia mkia, bado mbichi. Kindi hana manyoya. Ni wa kijivu, na mkia unarukaruka kama kamba ya nguo. Mgeni akiona vile ataandika nini? Nimeamua kwamba kesho jino litaniuma. Nitaimalizia picha kwa siri, hadi unywele wa mwisho, na Ijumaa nimfumbue macho.

Jumatano, 5 Machi

Nilimpigia Marguerite Thibodeaux, mwongozaji wetu, kwa sauti ya mgonjwa. Nilitegemea kupewa pole. Badala yake alisema kaka yake ni daktari wa meno, atanipokea sasa hivi, na tayari amempigia mke wangu Joanne anipeleke.

Joanne anajua kabisa kwamba jino haliniumi. Alinipeleka hivyo hivyo. Daktari alichungulia akasema nina bahati, jino la nyuma limeoza hadi mzizini, amestaajabu nimelivumilia vipi. Joanne akamwambia mume wake ni mvumilivu sana.

Limeng'olewa. Shavu limekuwa kama nimeficha chungwa. Kazi sijaigusa. Nilimwandikia Curtis ujumbe kuuliza kikao kimekwendaje. Akajibu, "We acha tu, kaka." Niache nini? Nimeusoma ujumbe huo mara ishirini na kila mara unazidi kunitisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nilifika kikaoni mapema. Shavu limevimba zaidi, maneno hayatoki, udenda ndio unatoka. Marguerite akazima taa. Kindi akatokea. Mti ukatokea. Kindi akageuka kuuaga.

Hana mkia.

Curtis alinieleza kwa kunong'ona. Jana Marguerite alitaka kuiona picha yangu hata kama sipo. Watu watatu walijaribu kuuchezesha mkia, na mara zote tatu ukamwingia kindi sikioni. Mwishowe Marguerite akasema uondoeni, tuuone uso. Basi kindi akageuka, akautazama mti wake, na hakuwa na cha kupungia. Watu wakaweka mabakuli chini. Bi Dunning akavua miwani akafuta macho. Ndipo ikaamuliwa kwamba kindi ataupoteza mkia dakika ya tano ya filamu, na hataupata tena.

Miezi kumi na minne ya kazi yangu! Nilisimama kupinga. Nilisema mengi, lakini kilichosikika ni "mmwaa". Marguerite akanishika bega akasema anaelewa, hakuna haja ya maneno. Bi Dunning akaandika ukurasa mzima. Nikaenda stoo kutafuta kasha.

Ijumaa, 7 Machi

Niliitwa saa tisa.  Nilikwenda na kasha kabisa, dungusi ikiwa ndani, nisije nikalia mbele ya Curtis nikirudi kuichukua.

Walikuwepo Bi Dunning, Marguerite na Gus. Shati la Gus lilikuwa limekunjamana, lakini kwa hofu niliyokuwa nayo sikulitilia maanani. Bi Dunning alisema kwa miaka thelathini amefanya kazi na watu wanaong'ang'ania vyao hata vikiharibu filamu. Hajawahi kumwona mtu aliyeufunga mkia wake mwenyewe kwa makusudi, kisha akakaa pembeni, ili wenzake wagundue kwamba hadithi haiuhitaji. Marguerite ndiye aliyemweleza hivyo. Jina langu liko juu kabisa ya orodha ya wanaobaki.

Akaniuliza kwa nini nilitumia majina ya wanawake. Shavu lilikuwa limepungua na ukweli ungeweza kupita. Nikasema yalinijia tu. Akaliandika hilo pia. Kisha akauliza hilo kasha ni la nini. Nikasema ni zawadi yake.

Dungusi yangu imekwenda Burbank. Joanne bado sijamwambia. Curtis naye amebaki, ni wa ishirini na mbili. Nilimwonyesha kwa kidole nilipo mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa kuwa mkia haupo, Marguerite amenipa masharubu ya kindi. Nilifurahi kwa muda wa dakika nne hivi. Ndipo Curtis akasema, bila hata kugeuka, "Burbank wana watu wa masharubu pia, mzee. Ghorofa mbili." 

Nimefungua kikaragosi. Masharubu yana vidhibiti sita. Mama yangu ana kaka sita.

Wengine wamekwenda kula burito. Mimi nimebaki. Mjomba Clyde tayari yuko juu kushoto, na Mjomba Wendell hatikisiki mpaka umtikise kwanza Mjomba Roscoe. Curtis alirudi kuchukua koti lake, akaitazama skrini yangu, akatoka.

Kesho kuna kikao na masharubu bado mabichi. Jino la upande wa pili limeanza kuniuma.