Gasketi Iliyokosa Mpokeaji

Ninayo heshima ya kuutangazia umma kwamba kwa miaka saba mfululizo Idara ya Vipuri ya Jeshi la Majini haijapoteza hata nati moja. Siri ni ndogo: hatumpi mtu.

Kwa mafanikio hayo mimi, Naibu Mkurugenzi wa Utoaji, nilikuwa nivishwe nishani Jumamosi saa sita mchana, gatini, mbele ya waziri. Mke wangu alishaalika ukoo mzima. Ili nitokee kishujaa, nikaamua kufika na meli yetu ya ugavi, ile inayozipelekea spea meli za kivita.

Saa mbili asubuhi, bandari tunaiona kabisa, injini ikazimika.

"Gasketi ya pampu imekwisha," akasema fundi mkuu, akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. Fundi huyu ni kaka wa mke wangu, na hulitaja jambo hilo mbele za watu. "Usihofu, shemeji. Tumebeba gasketi mia mbili. Fungua sanduku tuondoke."

"Kazini mimi si shemeji. Na sanduku halifunguliwi. Kanuni ya tisa: kipuri hutolewa kwa chombo kinachopokea. Sisi tunapeleka."

"Kwa hiyo?"

"Tusubiri meli ya ugavi ituletee."

"Meli ya ugavi si ndiyo hii!"

"Ndiyo maana nasema tusubiri."

Nahodha akavua kofia, akachungulia ndani yake, akaivaa tena. Kutoka sandukuni hadi kwenye pampu ni hatua nne. Nilizipima mwenyewe, nikaziandika.

Saa nne simu ikaita. Mke wangu.

"Baba, uko wapi? Shangazi zako wameshakaa viti vya mbele, mmoja anajaribujaribu vigelegele."

"Niko njiani."

"Njia ipi? Meli tunaiona, imetulia kama kabati!"

Shemeji akajikuna kisogo. "Naibu, ile mashua ya uokoaji si ina namba yake ya usajili?"

"Inayo."

"Basi nayo chombo. Ikishushwa majini inaweza kupokea?"

Nikapekua kitabu cha kanuni. "Kisheria, naam. Akiwemo afisa wa kusaini."

Afisa wa kusaini vipuri alikuwa mmoja tu: mimi. Kwa mara ya kwanza nikaona faida ya kuoa kwao.

Nikasaini kutoa, nikashushwa majini ndani ya mashua, nikateremshiwa gasketi kwa kamba, nikasaini kupokea. Kisha nikaipandisha melini kama msaada wa kirafiki; msaada hauna fomu. Haikupita nusu saa, injini ikanguruma.

"Sasa nivuteni juu!"

"Ngumu, Naibu," shemeji akaita kutoka juu, akijing'ata mdomo kwa huzuni. "Wewe sasa umo kwenye hesabu ya chombo kingine. Kukuhamisha kunataka idhini ya Naibu Mkurugenzi."

"Si ndiye mimi!"

"Ndiye wewe. Ila muhuri wako uko huku."

Kanuni hiyo niliitunga mimi.

Nikafika gatini saa sita kamili, nikikokotwa kwa kamba mita thelathini nyuma ya meli, suti imelowa hadi kwapani, nikipiga saluti. Bendi ikapiga. Waziri akanyoosha kidole.

"Yule wa nyuma nani?"

"Spea, mheshimiwa," akajibu shemeji.

Waziri akaridhika, akamvisha nahodha ile nishani. Shangazi zangu wakapiga vigelegele hivyo hivyo; walishajiandaa.

Karani wa ghala, niliyemfunza mwenyewe kutouliza maswali, akanipa namba na kunifunga lebo kwenye kifungo cha koti. Taarifa hii naiandika nikiwa ghalani, rafu ya nne, kati ya mapangaboi na mikanda ya injini, nikisubiri meli itakayopungukiwa na naibu mkurugenzi. Maombi hubandikwa mlangoni kila Jumatatu. Wanaomba bolti, wanaomba vichujio. Juzi meli moja iliomba hadi fagio.