Kinyozi na Maombi ya Alfajiri

Jumatatu, 3 Machi

Jana Mchungaji alitangaza. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu amechoka, anapumzika, na Jumapili ijayo atatajwa mwingine. Akasema hataki Mkristo wa Jumapili tu. Anataka mtu anayeomba kila siku. Kanisa zima likageuka kumtazama Mpole, kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Mpole! Mtu asiyejua hata kuchonga ndevu! Amenichukulia wateja, sasa anataka na kiti cha mbele. Thubutu.

Nimeamua. Kuanzia kesho naamka alfajiri. Biblia, maombi, wimbo mmoja. Nilipomwambia mke wangu alicheka hadi akaweka sufuria chini. Akanikumbusha kwamba hata siku ya harusi yetu niliamshwa kwa maji.

Jumanne, 4 Machi

Kengele ya simu ililia. Niliizima kwa imani, nikijua Bwana ataniamsha mwenyewe. Aliniamsha jua likiwa limejaa chumba. Sikukata tamaa. Nikafungua Mathayo, pale mwanzo, kwenye nani alimzaa nani. Sikufika kwa Daudi. Nimezinduka ukurasa umenigandia shavuni na mteja anagonga mlango wa saluni.

Mke wangu anashauri nianze na maombi mafupi, dakika chache tu kila siku, mpaka mwili uzoee. Ushauri wa watu wasio na haraka. Jumapili hainisubiri!

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa. Daktari amemwamuru Mchungaji atembee kila asubuhi kwa ajili ya sukari, na njia yake inapita chini ya dirisha letu la chumbani. Sasa, anayesikia si lazima aone. Mchana nilifunga saluni, nikajifungia chumbani, nikarekodi maombi kwenye simu. Marefu. Yenye kilio. Niliwaombea wajane, wagonjwa, mataifa, hata Mpole (kwa kifupi). Nimeitega simu ianze yenyewe alfajiri, pale dirishani. Mimi nitakuwa chini ya blanketi, nikiunga mkono.

Mke wangu amesema Mungu hadanganywi. Nikamwambia simdanganyi Mungu, namwarifu Mchungaji.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Mke wangu alikuwa nje anafagia, ameona kila kitu. Mchungaji alisimama chini ya dirisha, akavua kofia, akabaki hapo mpaka amina. Baadaye akapita saluni kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakujua, alisema, kwamba wajane wananiuma moyo kiasi kile. Nikainamisha macho. Niliinamisha vizuri sana, nilijiona kwenye kioo.

Koti nimelipeleka kwa dobi. Mzee wa kanisa hawezi kuvaa makunyanzi.

Ijumaa, 7 Machi

Tumbo limenisaliti. Alfajiri lilinikurupusha mbio hadi chooni, uani. Narudi zangu, taulo kiunoni, mswaki mdomoni, nazunguka pembe ya nyumba. Uso kwa uso na Mchungaji! Yuko chini ya dirisha, kofia mkononi. Ndani, sauti yangu inawalilia wajane. Nje, mimi nina povu mdomoni. Tukatazamana. Sauti ikapanda, ikakohoa kidogo, ikaendelea. Nikamwambia roho iko ndani inaomba, mwili umetoka mara moja.

Hakucheka. Bora angecheka. Amesema kesho atakuja kunyolewa, tuongee.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipiga moyo konde. Leo lazima ayaone maombi kwa macho yake, bila simu. Nikaamua kuombea kila kichwa kinachokaa kitini, mashine mkononi. Mchungaji alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu. Kitini alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu anayezipenda nywele zake kuliko waimbaji wake. Nikafumba macho. Nikapaza sauti. Kumbe kadiri sauti inavyopanda, na mkono unapanda nayo. Nilipofumbua, barabara ilikuwa imekwishachongwa kutoka paji la uso hadi utosini. Nyeupe. Imenyooka.

Mwalimu wa kwaya alitoa sauti ambayo kwaya yake haijawahi kuifikia. Akavuka barabara na kitambaa changu shingoni, kwenda kwa Mpole akamaliziwe upara. Mchungaji akavaa kofia yake taratibu, akamfuata. Mpole akatoka mlangoni kwake. Alinipungia mkono tu, tena kwa huruma. Ile huruma iliniuma kuliko tusi.

Nilifunga mapema. Mke wangu alinikuta nimekaa kwenye kiti cha wateja, nimejikunyata. Hakunicheka. Aliniuliza kama katika maombi yote haya nimewahi kumwambia Mungu jambo ambalo sikutaka mtu mwingine alisikie. Akanishika mkono akaomba, maneno machache, ya kawaida, ya mtu anayeongea na anayemjua. Alinitaja kwa jina. Akashukuru kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu! Nililia kweli, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuniona. Kumbe huomba hivyo kila asubuhi akifagia, nami nakoroma.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji alinitazama moja kwa moja, akasema mzee mpya anatoka nyumbani kwangu. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikamtupia Mpole jicho. Hapo Mchungaji akaendelea: kila apitapo asubuhi humsikia mama mmoja akifagia na kuomba, tangu zamani, kabla simu za watu hazijaanza kuokoka. Akamtaja mke wangu. Vigelegele! Mpole alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Na mimi nimesimama. Nikajifanya nampisha mke wangu apite, ingawa yeye alikuwa amekaa upande wa pili wa kanisa.

Nyumbani aliniuliza kama nimekasirika. Nilisema hapana, na ilikuwa karibu kweli. Alivyosimama pale mbele, amejitanda kanga yake, machozi yanamtoka, nilijivunia kuwa mume wake. Amesema kesho tuombe pamoja, kimyakimya, wawili tu. Nimekubali kwa moyo wote.

Lakini yeye hakuyasikiliza matangazo ya mwisho. Mimi niliyasikiliza. Mwisho wa mwezi kanisa linatafuta shemasi, na safari hii Mchungaji anataka mtu mnyenyekevu, asiyejionyesha. Nimelifikiria jambo hili vizuri. Tukishaomba hayo ya kimyakimya, naenda moja kwa moja kuanza unyenyekevu pale njia panda ya sokoni, asubuhi watu wakiwa wengi, ili asiwepo hata mmoja atakayesema hakuuona.