Kuomba Geti la Uwanja Lizibwe kwa Sababu ya Kocha Nivaldo

Kondo Mwinshehe,
Hamali, Soko la Kariakoo,
Dar es Salaam.
Oktoba 1977

Kwa Ndugu Onesphory,
Mwenyekiti wa Klabu ya Mshale,
Mchafukoge.

YAH: GETI KUZIBWA NA KOCHA KURUDISHWA KUWA MCHEZAJI

Ndugu Mwenyekiti,

Salaam. Mimi mzima, mgongo tu. Wewe najua mzima, maana juzi nimepita dukani kwako nikaona umenenepa. Barua nimeandika mwenyewe. Nimesoma ngumbaru mpaka nikapewa cheti. Ukiona herufi imelala, isimamishe.

Nina malalamiko juu ya huyu kocha wetu Mbrazili, Nivaldo, mliyemtoa Msumbiji. Nayaweka kwa namba, ndivyo mwalimu alivyotufundisha.

1. Geti. Kila mwanachama anajua timu ya Mshale haipiti getini. Pale wapinzani wanafukia mambo yao. Mzee Abbasi, mtaalamu wa kamati ya ufundi, alishasema: mguu wa Mshale ukikanyaga pale, mechi imekwisha. Ndo maana wachezaji wetu miaka yote wanaingia kwa kuruka ukuta wa nyuma. Huyu Nivaldo siku yake ya kwanza kafika ukutani, katazama juu, kauliza geti limefungwa? Tukamwambia liko wazi. Akacheka mpaka akakaa chini. Akainuka, akawapitisha wote getini, mchana kweupe, kama watu wanaenda posta. Tukashinda tatu bila. Hayo ndo matusi yenyewe. Angefungwa ningemsamehe.

2. Mabega. Ule ukuta ni mrefu, Ndugu Mwenyekiti, na wachezaji wetu hawana mabawa. Walikuwa wanapanda juu ya mabega yangu. Mguu begani, wengine wasio na adabu mguu wa pili kichwani, halafu wanadondokea ndani. Nimewapandisha ambao sasa ni wazee, nikawapandisha waliokuja baada yao, na makipa, ambao wote ni wazito. Watu wakaniita Ngazi. Marehemu mke wangu Tatu alinishonea kipande cha gunia cha kuweka begani, njumu zisinichane. Tatu kafariki, mimi nikabaki na Jumapili. Siku nyingine nabeba magunia ya wenye maduka. Jumapili nabeba timu. Sasa Nivaldo kaichukua Jumapili yangu, na wala hajui kama ameichukua. Ninyi mnaojua mmenyamaza.

Bado naenda. Nasimama pale pale ukutani na gunia langu begani. Hakuna anayekuja. Mbuzi tu.

Sokoni ndo usiseme. Hamali mwenzangu Gaudens kila nikipita anapaza sauti: "Ngazi! Siku hizi unapandwa na nani, kunguni?" Na Siti muuza chapati badala ya kumkemea anamwongezea chai.

3. Kazi yake ya zamani. Nivaldo kwao alikuwa senta fowadi. Anasimulia mwenyewe pale kwenye kahawa, kwa Kiswahili cha kuokoteza. Goli la kichwa, goli la kisigino, goli la mvua, mpaka goti likamwachia akageuka kocha. Watu wanamsikiliza midomo wazi, kahawa inapoa. Mimi nimekaa nikafikiri. Senta fowadi ni nani? Ni mtu anakaa mbele anangoja. Beki anakimbia, hafu anakimbia, winga anakimbia mpaka ulimi nje. Mpira ukifika, yeye anaugusa mara moja, na redioni anatajwa yeye. Kwenye semina ya tawi la Chama tulifundishwa mtu kama huyo anaitwa mnyonyaji. Wewe ulikuwepo. Ulikaa mbele, ulipiga makofi. Hata sukari ilipokuja duka la ushirika ulikuwa mbele, lakini hilo siyo lalamiko la leo.

Basi mtu kanyonya miaka yote, goti likagoma, mkampa filimbi awe mwalimu. Na tabia haijamtoka. Mazoezini anawanyang'anya mpira wachezaji wake, anafunga, anazunguka uwanja mikono kaitanua, anajishangilia peke yake. Golikipa wetu Pius kamwambia, "Kocha, hilo goli umetufunga sisi!" Akamkumbatia.

4. Dawa yake. Sikubali kwamba anashinda bila dawa. Nimechungulia dirisha la klabu. Anachora ubaoni kwa chaki. Duara, mshale, duara, mshale, na wachezaji wametulia kama wako chuoni. Mzee Abbasi naye anachora, kwenye sahani, kwa zafarani. Tofauti ni kwamba Abbasi akimaliza anaiosha sahani, mchezaji anakunywa, dawa inabaki tumboni mwake. Nivaldo akimaliza anafuta, kitambaa anatia mfukoni, anaondoka nacho. Kwa hiyo huyo ni mganga, tena mchoyo. Kamati ya ufundi hamjamuuliza hicho kitambaa anakipeleka wapi.

5. Mpira wenyewe kauharibu. Usiseme Kondo hamali anajua nini. Naujua mpira wa Mshale kuliko wengi. Nimeusikiliza miaka yote. Nausikiliza kwa nje, maana nikishapandisha wa mwisho, mimi nani anipandishe? Na getini Mzee Abbasi kakataza. Basi naweka sikio ukutani. Zamani mpira ulikuwa unalia puu! Unapaa, watu waaa! Unarudi, puu! Mtu aliye nje alikuwa hapati upweke. Siku hizi ni tap, tap, tap, kama fundi cherehani. Kimya. Tap, tap. Kimya. Halafu ghafla goli. Sasa mtu wa nje atajuaje ajiandae kushangilia saa ngapi? Mara mbili nimeshangilia nikakuta ni goli la wenzetu.

6. Shikamoo. Jamaa wa kahawa wamemfundisha "shikamoo" bila kumwambia ni ya nani. Anawaamkia watoto, anamwamkia Gaudens, anamwamkia punda. Na mimi ananiamkia. Namjibu marahaba kwa sababu ni lazima, lakini natumia nguvu. Ni vigumu kumchukia mtu anayekuamkia kila asubuhi. Hilo nalihesabu ni kosa lake.

7. Hatari kwa taifa. Hili ndo kubwa. Leo mchezaji kaambiwa anaweza kupita mlangoni kwa miguu yake. Kesho gunia la mchele litasikia. Litashuka lenyewe kwenye lori, litaingia lenyewe stoo. Sisi hamali tutabeba nini? Nchi hii imejengwa kwa mabega, Ndugu Mwenyekiti. Mnaimba kujitegemea, vizuri, na mimi naimba, sauti ninayo. Lakini mnaojitegemea wote nawaona mmesimama juu ya mtu. Kila mtu akipita getini kwa miguu yake, itaonekana nani alikuwa amebebwa. Sidhani kamati yako iko tayari.

Kwa hiyo naomba haya:

Kwanza, geti lizibwe kwa matofali. Matofali nitabeba mimi, bure.

Pili, Nivaldo arudishwe kuwa mchezaji. Apande begani kama wenzake, ajue chini ya goli kuna nini. Goti lake kama haliwezi, arudi Msumbiji.

Tatu, kama hayo yote hamuwezi, basi sheria iwe moja kwa wote. Wote wapite ukutani. Refa, mgeni rasmi, polisi, Katibu, na wewe. Nitawapandisha. Wewe nitakuweka mwisho, nikishapumzika.

Nafunga hapa, kidole kimekufa ganzi. Wasalimie nyumbani, mama Clotilda na watoto. Msalimie Katibu, na Mweka Hazina kama ameonekana, na Mzee Abbasi, na wanachama wote wanaokaa pale barazani tangu asubuhi. Nivaldo usimsalimie. Au msalimie, lakini kidogo.

Mimi mwanachama wako wa nje ya ukuta,
Kondo Mwinshehe (Ngazi)

Nyongeza. Barua hii Jumapili nilikuletea uwanjani nikupe mkononi. Nikakukosa, umeshaingia. Mlinzi wa getini kaniambia, "Mzee, unazuia watu, ingia umpe." Watu nyuma wakanisukuma. Nikajikuta nimepita. Nikasimama nangoja nidondoke. Sikudondoka. Nivaldo kaniona, kaja mbio na goti lake, "Shikamoo mzee, wewe nje kwa nini?" Akanishika mkono akanikalisha kwenye benchi la wachezaji, karibu na ndoo ya maji.

Nimeuona mpira, Ndugu Mwenyekiti. Majani ni ya kijani hasa. Zile tap tap ni kitu kizuri sana, sikujua. Pius anadaka kama paka. Goli la pili nimelishangilia kwa wakati wake, nimemkumbatia mtu hata simjui.

Kwa hiyo niliyoandika huko juu yaache. Geti libaki wazi. Kocha abaki, na mkimgusa mtaniona.

Lakini nimemwona na Wilbert, yule beki wa kushoto, mtoto wa dada yako. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mpira unampita, yeye anageuka kuusalimia. Nivaldo kaniambia alishataka kumtoa, kamati yako ikamkatalia. Miaka yote hiyo nilikuwa nampandisha yule kwa bega langu, na usiku bega nalipaka mafuta ya maumivu! Mngeniambia ningemwacha nje.

Naomba basi ukuta urudishwe kwa ajili yake yeye peke yake. Wenzake wapite getini, yeye aruke. Asiulize Ngazi iko wapi. Jumapili nina kazi, nitakuwa benchi.