Kisu Kisichokwaruzika

Jumapili, 4 Oktoba 1998

Nimekabidhiwa kisu. Naandika tena kwa sababu hata mimi sijaamini. Nimekabidhiwa kisu.

Si cha jikoni. Ni kile cha baba cha kukunja, chenye mpini wa chuma unaong'aa kama kioo. Baba alikitazama kwenye kabati la duka kule Greenbelt kwa miezi saba kabla ya kukinunua. Tangu akinunue, mwezi wa Mei, hakijakata kitu. Kila Jumapili baada ya chakula hukitoa kwenye kasha, hukifuta kwa kitambaa cha bluu, humwonyesha mgeni kama yupo, kisha hukirudisha. Machungwa humenywa kwa kisu cha mama.

Leo ameondoka kwenda Baltimore kwenye kozi yake ya ufundi wa lifti, mpaka Jumamosi. Hakukichukua. Alisema mafundi wenzake hawana adabu, mmoja wao angeweza kumwomba akate kitu. Mama alikataa kukilinda. Alisema tayari ana watoto wawili wa kuwaangalia, mimi na baba.

Basi baba akanigeukia. Akasema chuma kile hakishiki kutu wala hakikwaruziki, kwa hiyo kazi yangu ni nyepesi. Akikikuta kama alivyokiacha, Jumamosi nitapewa ufunguo wa nyumba.

Ufunguo! Nina miaka kumi na miwili. Kila siku nikitoka shule naketi kwenye ngazi za jengo hadi basi la mama lifike kutoka kazini kwake College Park, saa kumi na moja na nusu likiwa na huruma. Na kila siku Jepkosgei wa mlango wa pili hunipita pale, ufunguo wa kwao ukining'inia shingoni kwa kamba nyekundu ya kiatu. Hana haja ya kuuvaa nje ya sweta. Huuvaa nje ya sweta.

Siku sita tu.

Jumatatu, 5 Oktoba

Mpango wa leo ulikuwa wa kisayansi.

Nilimweleza Jepkosgei kwamba kuanzia Jumamosi hatanikuta tena ngazini. Nikamweleza kuhusu kisu. Akauliza, "Kwani kitatoroka?" Nikamwambia kwa upole kwamba ni kisu cha pekee, hakikwaruziki. Akasema ati hakuna chuma hakikwaruziki, baba yangu alidanganywa na watu wa duka.

Mwalimu wetu wa sayansi anasema dai lisilojaribiwa ni maoni tu. Sikupenda baba abaki na maoni. Mama aliporudi na kuingia kuoga, nikamwita Jepkosgei kwetu, nikaweka kisu mezani, nikamruhusu apitishe ncha ya ufunguo wake kwenye mpini. Mara moja. Polepole.

Kinakwaruzika.

Mkwaruzo una urefu wa punje ya mchele. Jepkosgei aliutazama kwa muda, akasema, "Pole sana, wee," akaenda kwao. Nilimsikia akifunga mlango. Kwa ufunguo uleule.

Jumanne, 6 Oktoba

Sikati tamaa. Vyombo vya fedha husuguliwa kwa dawa ya meno, nilisoma mahali. Nimejifungia bafuni na kusugua mpini kwa dakika arobaini.

Matokeo: mpini wote unang'aa mara mbili ya zamani, isipokuwa mkwaruzo. Sasa unaonekana kutoka mlangoni. Kisu kinanukia mnanaa.

Nikaujaza mkwaruzo kwa penseli. Ulipotea kabisa. Nilifurahi hadi nilipougusa, penseli ikabaki kidoleni. Ingefaa sana kwa baba asiyegusa kisu chake.

Mama ameniambia amefurahi kuona siku hizi napiga mswaki kwa bidii. Kisha akauliza dawa ya meno imeenda wapi.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimekumbuka somo la Mwalimu Bilha, anayetufundisha Kiswahili Jumamosi kwenye chumba kilicho chini ya kanisa. Noa, nolea, nolewa, kinoo. Kinoo ni jiwe laini la kunolea. Jiwe laini likipita juu ya mkwaruzo, litaulainisha. Ajabu kwamba sikuwaza hivyo tangu Jumatatu.

Mwenye kinoo ni Mzee Eliudi, mtunza jengo letu. Nilimfuata kwenye chumba chake cha vifaa, nikamwamkia shikamoo. Akajibu, "Mzuri." Hujibu hivyo siku zote, ni mtu wa Kakamega, Kenya. Sikuweza kumwambia ukweli, nikamwambia nataka kunoa kisu cha baba. Nilitaka aniazime jiwe, basi.

Mzee Eliudi haazimishi jiwe. Alikichukua kisu mkononi mwangu, akatemea kinoo mate, akaanza kunoa makali upande huu na upande ule, huku akiimba wimbo mzima wa tenzi za kanisani kuanzia ubeti wa kwanza. Niliinua mkono mara mbili kama darasani. Hakuniona. Alipomaliza alinyoa kipande cha mkono wake kunionyesha.

"Mwambie babako sasa ndio amenunua kisu," akasema. Halafu akageuza mpini na kuongeza kwamba hapa kuna mkwaruzo, nilikuwa nimeuona?

Hesabu ya leo: mkwaruzo mmoja wa zamani kwenye mpini, na michirizi ya jiwe juu ya makali yote, kama nywele zilizochanwa.

Alhamisi, 8 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote.

Mpango ulikuwa mzuri. Nilikiweka kisu kwenye kasha kikiwa kimekunjwa, mkwaruzo ukitazama chini, nikafunga kasha kwa utepe na kuandika kadi ya KARIBU NYUMBANI BABA. Mtu akipewa zawadi hakagui.

Saa moja jioni baba akapiga simu. Alikuwa na furaha. Akasema amepita dukani na kuninunulia kitu, nikisie ni nini. Nikajibu kwa matumaini yangu yote: ufunguo?

Baba akasema, "Umenoa."

Nilitazama simu. Nilitazama dirisha, ingawa Baltimore haionekani kutoka kwetu Langley Park. Amejuaje? Ni Mzee Eliudi tu aliyemwambia. Tena alisema kwa sauti ya upole kabisa, na upole wa baba ndio mbaya.

Nikaona heri niseme yote. Nikasema ndiyo baba, nimenoa, lakini si mimi, ni Mzee Eliudi, nilitaka jiwe tu kwa ajili ya mkwaruzo, na mkwaruzo ni wa ufunguo wa Jepkosgei, na dawa ya meno imeisha.



Kisha baba akauliza, "Mkwaruzo gani?"

Mama alichukua simu. Waliongea kwa muda mrefu. Baadaye, nilipomwambia baba aliniambiaje, alinieleza, akijishika mbavu, kwamba kwao Tanzania mtu akikisia vibaya huambiwa amenoa. Hana kisu wala kinoo, amekosa jibu tu. Nilisema Mwalimu Bilha hakutufundisha hivyo. Mama akasema Mwalimu Bilha ni wa Kenya, mwanangu, atajuaje.

Nimeponzwa na mpaka wa nchi mbili ambazo sijazikanyaga tangu nina miaka mitatu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Sina mpango. Nimeketi ngazini na kujaribu kuzizoea. Ya nne ina joto kidogo kwa sababu ya bomba linalopita chini yake. Jepkosgei alipita, akauliza habari za kisu kwa sauti ya kumjulia hali mgonjwa.

Jumamosi, 10 Oktoba

Baba amerudi. Aliketi mezani bila kuvua viatu. Alifungua utepe, akasoma kadi, akatoa kisu na kukigeuzia dirishani. Aliupata mkwaruzo mara moja. Akapitisha ukucha juu yake mara tatu. Akafungua makali, akaona michirizi. Mama aliacha kuosha vyombo.

Baba alinyoosha mkono kwenye bakuli la machungwa.

Alimenya chungwa mpaka mwisho, ganda likatoka kama utepe mmoja. Akala vipande viwili kabla ya kukumbuka kwamba amekasirika. Akamenya la pili. Kisha akakata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye pazia, akafungua maboksi mawili yaliyofungwa tangu tuhamie, akakata zulia la mlangoni lililozidi. Akasema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba afadhali mwingine ameanza kukitia alama. Kufikia saa kumi mama alikuwa amekificha kisu chake cha jikoni ili kisionekane hakina kazi.

Ndipo aliponiita. Akasema mkwaruzo ni mkwaruzo na hautaondoka. Lakini kilichomkaa moyoni ni kwamba nilimwambia yote mwenyewe, kabla hajajua lolote wala kuuliza lolote. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukabidhiwa mlango. Akanipa ufunguo.

Mama alinitazama. Mimi niliutazama ufunguo.

Nilifikiria kumweleza baba habari ya lile neno. Lakini Mwalimu Bilha ametuonya kwamba mtoto hamsahihishi mkubwa Kiswahili chake.

Na kile kitu alichoninunulia ni saa ya mkono! Ndogo, ya mkanda mweusi, ya kwanza maishani mwangu.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimekwenda kanisani nimevaa ufunguo nje ya koti. Kulikuwa na jua, wala si majivuno. Huwezi kuuvaa ndani, chuma ni baridi.

Wiki hii imenifundisha mengi. Nimekua. Jioni hii Jepkosgei alipokutana nami ngazini (nilikuwa napita tu) hakusema neno kuhusu ufunguo. Aliitazama saa. Nikamweleza kwamba baba amehakikishiwa dukani kuwa kioo chake ni cha pekee, hakikwaruziki. Jepkosgei akasema ati hakuna kioo hakikwaruziki.

Zamani ningekasirika. Leo nimemjibu kwa utulivu kwamba dai lisilojaribiwa ni maoni tu, lake na la baba sawasawa. Tumekubaliana kesho, mara tu baada ya shule, kwetu. Hatutahitaji kumsubiri mama.

Na safari hii sitaazima kitu kwa mtu. Ufunguo ninao.