Fisi Yule Si Mimi

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimevuliwa nguo! Na nani? Na Leticia, mchoraji wa vitabu vya watoto, binti wa dada yangu Bibiana ninayeishi kwake. Nilikuwa natafuta chumvi, nikakuta michoro yake mezani inakauka. Hadithi ya fisi anayebisha hodi kwenye nyumba za watu saa ya chakula. Ala! Meno yametengana kama yangu. Shati la mistari kama langu. Hata ule mguu unaotangulia ndani kabla ya kukaribishwa! Mimi kwa jirani yetu mzee Nabhan hupita kusalimia tu. Kama wao hula saa ileile, kosa langu?

Nimemwambia ambadilishe awe simba. Akaanza na shikamoo mjomba, kisha akasema huyo si mimi, na simba habishi hodi. Adabu ya mdomoni hiyo! Julai kanisa linachagua wazee na jina langu limo. Nani atampigia kura fisi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia simu Bertha, mhariri wa Leticia kule Dar. Nikajifanya mzazi mwenye uchungu: wanangu hawalali kwa kumwogopa yule fisi. Akauliza wamemwona wapi, na kitabu hakijachapwa? Nikakata simu. Mwanamke mdadisi huyo!

Jumatano, 12 Machi

Bibiana na Leticia walikwenda jumuiya. Nikashika brashi mwenyewe. Manyoya kidogo shingoni, awe simba. Miwani, aonekane msomi. Rangi ikachuruzika. Nikaifuta kwa kanga. Ikazidi! Jicho moja likateremka mpaka shavuni. Anatisha kuliko mwanzo, na bado ni mimi.

Waliporudi, Leticia alilia kwa kwikwi. Kifurushi cha michoro lazima kiondoke na basi la Ijumaa alfajiri. Kikikosa, kazi anapewa mwingine, na ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza. Bibiana akaapa kwamba nitahama nyumbani kwake. Nikauliza, nani anaacha rangi wazi kwenye nyumba ya watu wazima? Hasira zimenikaba hata ugali umenishinda. Nimemaliza samaki tu.

Alhamisi, 13 Machi

Ukweli umetoka. Fisi hakuwa mimi! Leticia alimchora kwa kumtazama mbwa wa Nehemia, mlinzi wa hoteli kule Ushongo. Shati alilibuni tu. Sasa hakuna muda wa kuvuka mto na kivuko kumfuata mbwa amchore upya. Basi akaniambia, kwa heshima zote, mjomba chuchumaa hapa. Bibiana alisimama mlangoni na begi langu mkononi.

Nimechuchumaa kutwa mbele ya sahani ya kuku, mdomo wazi, ulimi nje. Kugusa marufuku! Kila nikisogeza mkono naambiwa naharibu mkao. Magoti yanalia. Leticia anasema safari hii fisi ametoka vizuri kuliko alipomtumia mbwa. Mimi, mjomba mtu, nazidiwa na mbwa kwa utu, namzidi kwa ufisi!

Jumapili, 6 Julai

Kitabu kimefika. Watoto wote wa Shule ya Jumapili wanacho. Leo wagombea tuliitwa mbele kuusalimia usharika. Kabla sijafungua mdomo, watoto wakapaza sauti: Karibu chakula, Fisi! Mchungaji akainama nyuma ya mimbari, eti anatafuta miwani. Kura zikaenda kwa Alexander, mtu ambaye hata wimbo mmoja hajui mpaka mwisho. Watu hawa hawana haya!

Na Leticia? Bertha amempenda yule fisi, amempa kitabu kingine. Nyumba nzima vigelegele. Nani kaniambia ahsante? Hakuna.

Jioni nimepita mezani kwake. Mchoro mpya: kiboko. Ana kitambi. Kitambi changu kabisa, mpaka kitovu! Kesho ni Sabasaba, wote wanakwenda kwenye sherehe kule Mwera. Nimefikiri sana kosa langu la Machi lilikuwa wapi, na nimeliona: ni brashi. Kesho natumia mkasi.